Lumbesa mezani, kicheko jikoni: je, mimi ni mwonewa au mwonevu?

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mbeya, na nina ekari mbili za viazi mviringo upande wa Uporoto. Mwaka huu nimekuwa nasoma habari za falsafa ya ukombozi, ile inayosema maadili yaanzie kwa anayeonewa. Nilijiona mle ndani. Kila msimu wachuuzi wa Dar wananifungia lumbesa: nalipwa gunia moja, natoa viazi vya gunia moja na nusu. Mbolea nimekopa, vibarua wa kuvuna nawalipa kwa gunia, nikijumlisha sibaki na kitu. Jioni moja nilikuwa namweleza mke wangu haya mezani, kwa hasira kidogo, kwamba sisi ndio tunaoonewa katika nchi hii. Dada wetu wa kazi, binti wa miaka 19 kutoka Makete, alikuwa anaondoa vyombo. Akacheka. Nikamuuliza anacheka nini, akajibu, 'Hamna kitu, baba.' Tangu siku hiyo sina amani. Tunamlipa elfu hamsini kwa mwezi, anakula na kulala kwetu, hatumpigi, hatumtukani. Je, mimi ni mwonewa au mwonevu? Falsafa hii ina maana mwonewa huwa sahihi siku zote? Nimwongezee mshahara, au nimkalishe chini nimfundishe haki zake?"*

Kamwene, mwalimu.

Nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, kwenye kicheko. Ungeweza kuniuliza habari za lumbesa tu. Ningekujibu kwa hasira ya pamoja, maana nami nimekulia kwenye viazi, na tungeagana vizuri. Lakini umekileta na kile kicheko cha dada, na kwa maoni yangu hicho ndicho swali lenyewe.

Kama nimekuelewa, kilichokunyima amani si kwamba binti alikosa adabu. Ulikuwa umepata, kwa mara ya kwanza, maneno yanayoyatosha maumivu yako. Mtu aliyeyasikia akiwa ameshika sahani zako akaona yanamtosha yeye zaidi.

Tuanze na neno lenyewe. Wengi wakikutana na falsafa hii hulichukua "mwonewa" kama jina la ukoo: ama unalo, ama huna. Sivyo. Mwonewa ni mtu anayelipa gharama za mpango ambao hakuupanga, na ambao bila yeye hauendi. Kwa hiyo kabla ya kujibu kama wewe ni mwonewa, lazima tuulizane: katika mpango upi? Kwenye mpango wa gunia, wewe ni mwonewa, sina shaka nalo. Kwenye mpango wa nyumba yako, hapana. Na kuna mpango wa tatu ambao umeutaja kwa kupita tu, nitaurudia.

Wala usijione mjinga kwa kuchelewa kuliona hilo. Enrique Dussel, Mwargentina aliyeandika zaidi ya wengi juu ya mambo haya mpaka alipofariki Mexico mwaka 2023, alifumbuliwa macho kwa namna inayofanana na yako. Kati ya 1959 na 1961, akiwa bado kijana, alifanya kazi ya useremala Nazareti pamoja na padri Mfaransa, Paul Gauthier, katikati ya vibarua wa Kiarabu. Usiku mmoja akawa anamsimulia padri, kwa kusifu, jinsi Mhispania Francisco Pizarro alivyoiangusha dola ya Wainka akiwa na kikosi kidogo tu cha askari. Gauthier akamsikiliza, kisha akauliza: katika hadithi hiyo, maskini walikuwa akina nani, ni Pizarro au ni wenyeji? Dussel alikuwa mtu wa Amerika ya Kusini, na alikuwa amekwenda kule kuishi na maskini kwa hiari yake. Bado hadithi ya bara lake alikuwa anaisimulia akiwa amesimama upande wa mwenye farasi na bunduki. Alikwisha kusema mwenyewe kwamba swali lile lilimgeuza. Baadaye mawazo hayo yakamgharimu: Oktoba 1973 nyumba yake huko Mendoza ililipuliwa kwa bomu, na mwaka 1975 akakimbilia Mexico. Gauthier aliuliza, binti wako alicheka. Kazi iliyofanyika ni moja.

Sasa jinsi jambo hili linavyofanya kazi. Kila mpango wa maisha, uwe soko, shule, kanisa au nyumba, ukikaa muda hujiona umekamilika. Una hesabu zake, sababu zake, na lugha yake. Dussel anauita "jumla". Ndani ya jumla si lazima pawe na mtu mbaya. Chukua gunia lako. Unalijua: limejaa hadi mdomoni, halafu wanalishonea kilemba cha wavu na kamba ya manila, viazi vinachungulia juu kama watoto dirishani kwenye basi. Kwa nini mchuuzi analitaka hivyo? Kwa sababu ushuru wa mazao unahesabiwa kwa gunia, kupakia kwa gunia, na nauli ya lori kwa gunia. Gunia likinenepa, gharama yake kwa kila kilo inapungua. Dalali naye anatafuta kamisheni yake, na dereva anataka safari moja badala ya mbili. Kila mmoja ana sababu inayoeleweka, na sababu hizo zote zikikusanyika zinakukalia wewe. Sheria ya Vipimo inakataza kifungashio cha mazao kuzidi kilo 100, lakini pale kando ya barabara, mvua inanyesha na lori limewasha injini, anayeitaja sheria anaonekana ndiye mgomvi.

Na yuko mwingine ambaye hata wewe hukumtaja. Lile gunia linapanda kwenye lori juu ya mgongo wa kijana mmoja anayelipwa kwa gunia, si kwa kilo. Kila kilo unayoibiwa, yeye anaibeba bure.

Mtu wa namna hiyo Dussel anasema yuko "nje". Hamaanishi nje ya mlango; anaweza kuwa anaosha vyombo vyako. Yuko nje ya hesabu. Na fundisho zito la falsafa hii ni kwamba kuna mambo yasiyoonekana kutoka ndani hata ukiwa na akili na moyo mzuri, kwa sababu hesabu yenyewe haikuacha nafasi ya kuyaandika. Yanaonekana kutoka nje tu. Ndiyo maana kicheko kile hukukielewa, na ndiyo maana ulipouliza ulijibiwa "hamna kitu". Ndani ya hesabu ya meza yako, kweli hapakuwa na kitu.

Watu hudhani haya ni mawazo ya kuagiza. Agosti 1976 wanateolojia kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini walikutana Dar es Salaam kuunda umoja wao wa Dunia ya Tatu, na kabla ya hapo tulikuwa na maneno yetu. Azimio la Arusha, 1967, lilisema tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, tumepuuzwa kiasi cha kutosha. Tulikaririshwa shuleni, na nimegundua kwamba wanafunzi wangu wakiulizwa hukumbuka vitenzi viwili vya kwanza na kukisahau cha tatu. Kwangu mimi cha tatu ndicho kizito. Anayekuonea angalau anakuona; kitenzi chenyewe kina "kuona" ndani yake. Anayekunyonya anajua una damu. Anayekupuuza anaweza kuzungumzia dhuluma za nchi nzima huku unapitisha mkono mbele yake kuchukua bakuli la mboga, na asikate sentensi.

Sikusimangi. Nimefanya hivyohivyo, kwa miaka, nikiwa nimelipwa kufundisha maadili.

Kuna kitu kingine cha huku kwetu ambacho lazima kisemwe. Miaka ya 1940 na 1950 mawakala wa mashamba ya mkonge walikuwa wanakuja Njombe na wilaya za jirani kuchukua vijana kwenda Tanga. Waliitwa manamba kwa sababu walihesabiwa kwa namba. Mashamba yale yalikuwa na mnyapara, na mara nyingi mnyapara alitoka miongoni mwao wenyewe. Paulo Freire, Mbrazili aliyefanya kazi na wakulima wasiojua kusoma mpaka jeshi lilipomfunga mwaka 1964, alieleza kwa nini mnyapara huwa mkali kuliko mwenye shamba: mwonewa amekua akiona sura moja tu ya mtu kamili, nayo ni sura ya bwana wake, kwa hiyo akipata nafasi kidogo anaivaa. Mkonge umepita, lakini njia ile haijaota majani. Leo mtu wa Dar, wa Mbeya mjini, hata wa Iringa mjini, akitaka msichana wa kazi anapiga simu huku milimani, na wanasema bila aibu kwamba wa huku "ni wavumilivu". Sifa hiyo walipewa pia babu zetu wa mkonge. Tunaipokea wenyewe, halafu tunaitumia kwa mabinti zetu.

Sasa ule mpango wa tatu. Umeandika kwamba vibarua wa kuvuna unawalipa kwa gunia. Gunia lipi, mwalimu?

Kama ni la kawaida, lisilozidi kilo 100, samahani, nimekudhania vibaya. Kama ni lilelile la kilemba, basi mama anayeinama tangu asubuhi na jembe lake anachimba viazi vya gunia moja na nusu kwa malipo ya moja. Hasara unayoililia kwa mchuuzi umekwisha kuipitisha chini, na imepita bila hila yoyote. Gunia ndilo kipimo cha pale, basi. Binti wako anatoka Makete, nchi ya viazi. Kicheko chake ni chake na sitajifanya kukisoma, ila inawezekana kabisa kwamba gunia lile analijua kwa mgongo kuliko wewe.

Swali lako la pili: mwonewa yuko sahihi siku zote? Hapana, na ukikutana na mtu anayekuambia ndiyo, mkimbie. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, hilo kweli. Lakini anayejua kunguni hajawa fundi wa vitanda kwa sababu hiyo. Mwonewa ana neno la kwanza juu ya wapi panauma. Juu ya tiba, na yeye inabidi akae na wenzake, na wenye ujuzi, abishane na kubishiwa.

Wazee wa Iringa wanaikumbuka Krismasi ya 1971. Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda Mkungugu, Ismani, akamkuta mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwake. Yakazuka maneno. Mwamwindi akampiga risasi akamwua, akaubeba mwili mwenyewe mpaka polisi mjini. Alihukumiwa kunyongwa. Serikali iliamini inawatetea vibarua wa Ismani dhidi ya wenye matrekta na mashamba makubwa. Mwamwindi aliamini anaporwa jasho lake. Kila mmoja angeweza kujiita upande wa mwonewa na asiwe anadanganya moja kwa moja. Bunduki haikumkomboa mtu yeyote pale. Ninapofundisha kisa hiki huwauliza wanafunzi: kibarua wa Ismani mwenyewe alitaka nini? Pande zote mbili zilimtaja. Darasa huwa linanyamaza.

Upande wa pili wa nyanda hizihizi, Litowa kule Songea, vijana walikuwa wameanza kijiji chao mwanzoni mwa miaka ya 1960, bila kuamriwa, wakajiamulia kazi na mgawo kwa mikutano yao. Vijiji vingine vikajiunga, kikawa Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Mwaka 1969 chama tawala kikakivunja. Hao walikombolewa kwa kukatazwa kujikomboa. Nakuomba ulishike hilo tunapokuja kwenye yale uliyotaka kumfanyia binti.

Maana umenipa njia mbili, na zote mbili wewe ndiye mtendaji.

Kumwongezea mshahara: ndiyo, lakini usiite wema. Elfu hamsini haifiki kiwango cha chini ambacho Amri ya Mishahara inaweka kwa mfanyakazi wa nyumbani anayelala kwa mwajiri. Tofauti ile ni deni. Ulipe kimya kimya, na miezi ya nyuma pia, bila hotuba mezani na bila kusubiri akushukuru. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu kama inavyomhusu mwajiriwa wa kiwandani: saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki, likizo ya siku 28 kwa mwaka, masharti ya kazi kwa maandishi. Chakula na kitanda si hisani, vimo kwenye makubaliano. Na kwamba hampigi wala hamtukani, mwalimu, hilo usiliweke kwenye mizani kabisa. Wewe shuleni husifiwi kwa kutowaibia wanafunzi kalamu.

Kumkalisha chini umfundishe haki zake: hapa naogopa zaidi, hasa kwa kuwa wewe ni mwalimu na mimi pia. Freire aliuita ufundishaji wa namna hiyo kuweka akiba benki: mwenye nacho anatia, asiye nacho anapokea. Utakuwa umemwongezea saa moja ya kukaa kimya mbele yako. Na hata ukibadilisha, ukasema "leo ongea wewe, mimi nasikiliza", fikiria alivyo: kitanda chake kiko kwako, nauli ya kurudi Makete iko mfukoni mwako, na simu anaichaji kwenye umeme wako. Atakuambia mnaishi vizuri. Utafurahi, na hutakuwa umesikia chochote.

Kwa hiyo mimi ningeanza na siku yake ya mapumziko. Siku nzima, ya kila wiki, inayojulikana, asiyohitaji kuiombea ruhusa wala kueleza alikokwenda. Inaonekana ndogo. Lakini siku hiyo ndiyo itakayompa mahali pa kusimama pasipokuwa nyumba yako: ataonana na wasichana wa kwao, watalinganisha mishahara, watacheka kwa sauti. Ndipo maneno yake yatakapoivia, kwao, si kwenye kochi lako. Akirudi na madai, hata yakiwa mabaya kwako, hata akisema anataka kuacha kazi arudi kusoma ushonaji, hapo utakuwa umeanza kusikia. Unaweza kukubali au kukataa baadhi, kwa hoja. Dussel katika kitabu chake kikubwa cha maadili cha 1998 anadai mambo matatu kwa pamoja: tendo lihifadhi uhai, wanaoguswa washiriki kuliamua, na liwezekane. Mshahara wa mwalimu mwenye mkopo wa mbolea ni mpaka halisi. Mwonyeshe hesabu zako kama unavyomwonyesha mkeo, ila uwe umekwisha kulipa la sheria. Na kwa kuwa nimemtaja mama wa nyumba: asilipie yeye amani yako. Dada akipumzika Jumapili, vyombo vya Jumapili vina mikono yako.

Kuhusu wachuuzi, usiache kupigana kwa sababu umegundua na wewe una deni. Hilo nimeliona sana kwa wasomi. Wanajuta mpaka wanakuwa hawana faida kwa mtu. Ila peke yako hutaweza: ukimkatalia mchuuzi anahamia shamba la jirani, na viazi vilivyokwisha chimbwa havingoji. Inahitaji wakulima wa bonde zima kukubaliana kupima kwa mzani, kupitia chama cha msingi kama kipo, na Wakala wa Vipimo wakaitwa kabla ya msimu, si siku lori limefika. Wapakiaji waingizwe kwenye kikao hicho tangu mwanzo. Migongo yao ina sababu ya kuwa upande wenu.

Yapo mambo ambayo falsafa haitoshi, na mimi kwa maandishi sitoshi. Kama umri wa miaka 19 ni wa kuambiwa tu na unahisi ni mdogo zaidi, au kama kuna mtu yeyote katika nyumba, ndugu au mgeni, anayemsumbua usiku, usianze na tafakuri. Nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi ana kwa ana. Kwa mtoto ipo namba 116, ya bure. Mkishindwana juu ya malipo, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inasikiliza hata mashauri ya majumbani, na CHODAWU ni chama kinachowapokea wafanyakazi hao. Mpe taarifa hizo kwa maandishi, azitunze, hata kama siku moja atazitumia dhidi yako.

Na msimu wa kuvuna ukikaribia, azima mzani. Siku ya kwanza uutundike shambani kwa ajili ya wachimbaji, uwalipe kwa kilo, ndipo uanze kumngoja mchuuzi.